Kujenga moduli ya C ya Python: amri kamili za gcc nizipate wapi?

mwana_tudor

Assalam aleikum wana jukwaa.

Niko Mombasa, Tudor. Kuna nahodha wa mashua za watalii upande wa Bamburi amenipa kazi. Yuwataka kijiprogramu cha kumwonyesha kila siku maji yatapwa saa ngapi na yatashuka hadi mita ngapi, kwa sababu ule mlango wa kupita kwenye mwamba haupitiki maji yakiwa chini, na siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu hufika karibu mita 4. Siku za maji mafu hana shida.

Hesabu yenyewe ninayo tayari. Iko kwenye faili moja la C, mawimbi.c, liliandikwa na aliyefanya kazi hii kabla yangu. Ndani mna jedwali la kasi za vipengele vya kujaa na kupwa kwa maji (M2, S2, N2, K1, O1 na wenzao), na fanksheni moja inayojumlisha kosini zote na kurudisha kimo cha maji kwa wakati fulani. Sehemu ya skrini nimeiandika kwa Python. Sasa nataka Python iite ile C, basi nimeandika maji.c ya kuziunganisha.

Mafunzo niliyoyakuta ni ya zamani, yaanza hivi:

    from distutils.core import setup, Extension

Python yangu ni 3.12 kwenye Ubuntu 24.04, ndani ya venv mpya (mazingira ya Python yaliyotengwa), nayo yanijibu:

    ModuleNotFoundError: No module named 'distutils'

Nikaachana nayo, nikaandika amri kwa mkono:

    gcc -O2 -c mawimbi.c
    ar rcs libmawimbi.a mawimbi.o
    gcc -O2 -fPIC -I/usr/include/python3.12 -c maji.c
    gcc -shared -L. -lmawimbi maji.o -o maji.so

Zote zikapita, hakuna hata onyo. Nikiiita moduli:

    >>> import maji
    ImportError: /home/kazi/maji/maji.so: undefined symbol: kimo_cha_maji

Nikasoma mahali kwamba -lmawimbi iende mwisho. Nikaihamisha, sasa linka yenyewe (programu inayounganisha vipande vilivyokompailiwa) ndiyo yakataa:

    /usr/bin/ld: ./libmawimbi.a(mawimbi.o): relocation R_X86_64_PC32 against symbol `kasi' can not be used when making a shared object; recompile with -fPIC

Naweza kuongeza -fPIC pale na kuendelea, lakini nataka kuelewa. Kwa nini ile ya kwanza ilipita kimya? Na je, kuna mahali pa kupata amri kamili, za kukompaili na za kulinki, badala ya kuokota kipande huku na kipande kule? Kuna wanaoongeza -lpython3.12, kuna wasioongeza, na kila mmoja asema wake ndio sawa. Mwisho wa yote kitu hiki kitakaa kwenye Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo, ufukweni, Debian 12, na sitaki kufika huko nianze kubahatisha upya.

---

kahawa_chungu

Yakhe, C ya nini? Hata ukichukua vipengele 37 kwa kila dakika ya mwaka mzima, hizo ni kosini milioni 19 na ushei. NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, yazimaliza hujamaliza kikombe. Andika upya mistari arubaini ulale.

---

mwana_tudor

Nililifikiria hilo, kaka. Lakini mawimbi.c yatumika pia na programu nyingine ya nahodha, ile inayochapisha jedwali la mwezi linalobandikwa bandani. Nikiwa na hesabu mbili, siku moja zitapishana dakika kumi na atakayeulizwa ni mimi.

---

fundi_makupa

Waaleikum salam mwanangu. Kwanza ahsante kwa kubandika maneno ya kosa yenyewe. Wengi hapa huleta picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, na mng'ao wa taa umekaa palepale penye jina la simboli.

Nianze na lililopita kimya, maana ndilo lenye hila. Linka husoma vitu kwa mpangilio ulioviandika, kushoto kwenda kulia. Ikifika kwenye maktaba ya .a huifungua na kutazama: katika niliyokwisha kuyasoma, kuna jina linalotafutwa ambalo limo humu? Likiwemo, huchukua faili la .o lenye jina hilo na kuacha mengine. Wewe uliitaja -lmawimbi kabla ya maji.o. Wakati huo linka ilikuwa haijasoma chochote, kwa hivyo haikuwa ikitafuta jina lolote. Ikaifungua maktaba, ikaifunga, ikapita. Ndipo ikaisoma maji.o, ikakuta inataka kimo_cha_maji, na mstari ukaisha.

Ungekuwa unajenga programu ya kawaida ingekukatalia hapo hapo. Lakini umeiambia -shared, na kwa -shared linka ya Linux hukubali jina libaki wazi, kwa matarajio kwamba mwingine atalileta wakati wa kupakia. Usiione zembe. Ndivyo hasa moduli za Python zinavyoishi. PyArg_ParseTuple na PyFloat_FromDouble ulizoziita kwenye maji.c pia zimebaki wazi ndani ya .so yako, na python3 ndiyo inayozijaza inapoipakia moduli. Linka haina njia ya kujua kwamba la PyFloat_FromDouble litakuja na la kimo_cha_maji halitakuja.

Hapo umeshapata jibu la -lpython3.12 pia: huihitaji. Tangu Python 3.8, moduli za C kwenye Linux hazilinkiwi tena na libpython. Majina yote ya Py yamo tayari ndani ya mchakato unaoendesha. Kwenye Debian na Ubuntu, python3 imebeba kila kitu tumboni mwake wala haitegemei libpython3.12.so. Ukiilinki utakuwa umeweka sharti la faili ambalo mashine ya nahodha huenda hata haina. Wanaokuambia ni lazima, ama wako Windows, huko kweli ni lazima kulinki na python312.lib, ama wamechukua majibu ya `python3-config --ldflags --embed`, na hiyo ni ya mtu anayetia Python nzima ndani ya programu yake ya C. Kazi mbali kabisa na yako.

Kabla hujaita import, kagua faili hivi:

    nm -D --undefined-only maji.so | grep -vE ' U _?Py'

Majina ya Python yataondoka. Yanayobaki na herufi U yawe na mkia wa @GLIBC, yaani ni ya libc au libm, maktaba za kawaida za C na za hesabu. Yenye w ndogo usiyajali, hayo yanaruhusiwa kukosekana. Kwenye faili lako la kwanza ungeona mstari huu:

                     U kimo_cha_maji

Uchi, bila mkia. Huyo ndiye aliyekosa mwenyewe. Amri hii ni ya sekunde moja na mimi siitumi moduli yoyote kwa mtu bila kuipitisha hapo.

Kosa la pili lilikuwepo tangu mwanzo, la kwanza lililifunika. Maktaba ilipofunguliwa kwa haki ndipo linka ikaitazama mawimbi.o na kukuta haifai. Uliikompaili bila -fPIC, swichi ya kutoa msimbo unaofaa kukaa ndani ya .so. Gcc ya Ubuntu huongeza -fPIE yenyewe bila kuulizwa, na watu hudhani inatosha. Haitoshi. Msimbo wa PIE unaweza kuwekwa popote kwenye kumbukumbu, lakini umeandikwa kwa imani kwamba unakwenda ndani ya programu, na kwamba kigezo chake kikuu kama `kasi` ni chake peke yake, basi hukifikia moja kwa moja kwa kuhesabu umbali. Ndani ya .so imani hiyo haipo. Jina linaloonekana nje laweza kushikwa na jina kama hilo kutoka kwingine, basi lazima lifikiwe kupitia jedwali la anwani linaloitwa GOT. Ndiyo hiyo R_X86_64_PC32 inayolalamikiwa: umbali wa moja kwa moja kuelekea jina lisilo na hakika.

Tazama jambo moja. Lau jedwali lingeandikwa `static const double kasi[]`, linka isingesema neno. Na ungefanya vizuri kuliandika hivyo kama halitumiki nje ya mawimbi.c, hasa ukizingatia kwamba `kasi` ni jina ambalo mtu yeyote anaweza kulitumia. Weka static, na weka -fPIC. Yote mawili.

Sasa swali lako la msingi. Mimi amri hizi sizikariri, na sikushauri uzikariri. Python iliyomo kwenye mashine yako inakumbuka jinsi ilivyojengwa: kompaila gani, swichi gani, amri gani ya kulinki, heda ziko wapi, na faili la moduli liishie na jina gani. Yote yamo kwenye moduli ya sysconfig. Muulize yeye, na hasa muulize yule yule atakayeipakia moduli, si Python nyingine iliyomo kwenye mashine hiyo hiyo. Andika jenga.py:

    import shlex, subprocess, sys, sysconfig
    from pathlib import Path

    jina = "maji"
    vyanzo = ["maji.c", "mawimbi.c"]
    maktaba = ["-lm"]

    def pata(neno):
        return shlex.split(sysconfig.get_config_var(neno) or "")

    njia = sysconfig.get_paths()
    heda = ["-I" + njia["include"]]
    if njia["platinclude"] != njia["include"]:
        heda.append("-I" + njia["platinclude"])

    def endesha(amri):
        print(shlex.join(amri))
        if "--onyesha" not in sys.argv:
            subprocess.run(amri, check=True)

    vitu = []
    for c in vyanzo:
        o = str(Path(c).with_suffix(".o"))
        endesha(pata("CC") + pata("CFLAGS") + pata("CCSHARED")
                + heda + ["-c", c, "-o", o])
        vitu.append(o)

    tokeo = jina + sysconfig.get_config_var("EXT_SUFFIX")
    endesha(pata("LDSHARED") + vitu + maktaba + ["-o", tokeo])

Iite kwanza kwa `python jenga.py --onyesha`. Itachapisha amri bila kuzifanya. Zisome. Utaona mstari wa gcc mrefu kuliko wowote uliowahi kuuandika kwa mkono, na sehemu kubwa yake ni swichi za usalama ambazo Debian na Ubuntu hujengea kila kitu chao. CCSHARED ndiyo inayokuletea -fPIC. LDSHARED ndiyo gcc pamoja na -shared na vikorombwezo vyake.

Umeona nimeitupa libmawimbi.a? Faili moja la C halina haja ya kufungwa kwenye maktaba kisha kufunguliwa. Likompailiwe pamoja na lenzake, na suala la nani atangulie litakufa hapo. Ile programu ya kuchapisha jedwali iendelee na .a yake, chanzo ni kimoja.

EXT_SUFFIX usiidharau. Kwenye laptopu yako itakupa `.cpython-312-x86_64-linux-gnu.so`. Python hukubali pia `maji.so` tupu kama ulivyofanya, na hapo ndipo hatari ilipo: jina tupu litapakiwa na Python yoyote ya Linux itakayopita hapo, hata isiyolingana na heda ulizotumia. Jina refu ni cheti. Asiyehusika halioni kabisa.

---

mwana_tudor

Ami, shukran sana. Imejengwa, import imekubali, na kimo cha saa sita mchana kimelingana na cha ile programu ya zamani hadi desimali ya mwisho.

Nimenakili folda nzima kwenye Pi. Kule:

    ModuleNotFoundError: No module named 'maji'

Na faili ninaliona kwa macho yangu, lipo palepale!

---

fundi_makupa

Lipo, lakini limevaa jina la Python 3.12 ya x86_64. Pi yako ya Debian 12 ina Python 3.11, na kama umeweka mfumo wa biti 64 yenyewe inatafuta `maji.cpython-311-aarch64-linux-gnu.so`. Uliza:

    python3 -c "import importlib.machinery as m; print(m.EXTENSION_SUFFIXES)"

Ndiyo orodha ya miisho inayoitambua. Yako haimo. Na usije ukalibadilisha jina ukadhani umemaliza, prosesa ya Pi haisomi maagizo ya Intel hata ukiliita jina la mama yake.

Peleka .c mbili na jenga.py, ujenge kule kule. Usiguse mstari wowote, sysconfig ya kule itatoa amri za kule. Utahitaji hizi:

    sudo apt install build-essential python3-dev

Bila python3-dev utapata `fatal error: Python.h: No such file or directory`, na watu wengi hapo huanza kutafuta Python.h mtandaoni waipakue. Haipakuliwi peke yake. Heda lazima ziwe za toleo lile lile la Python.

---

binti_ganjoni

Salamu zenu. Mzee Makupa amemaliza karibu yote, ila niongeze, na sehemu moja nimpinge kwa heshima.

Kwanza kwa nini mafunzo yale yamekufa. Distutils ilitangazwa kuwa inaondoka kwenye Python 3.10, ikaondolewa kabisa kwenye 3.12 iliyotoka Oktoba 2023. Mrithi wake ni setuptools, na kwenye 3.12 venv mpya haiji nayo, unaiweka mwenyewe. Ukishaiweka, setup.py yako inakuwa hivi tu:

    from setuptools import setup, Extension

    setup(
        name="maji",
        version="0.1",
        ext_modules=[
            Extension("maji", ["maji.c", "mawimbi.c"], libraries=["m"]),
        ],
    )

kisha:

    python setup.py build_ext --inplace

Itachapisha amri za gcc moja moja, na ukizilinganisha na za jenga.py utakuta ni ndugu wa tumbo moja, kwa sababu setuptools nayo inasoma CC, CFLAGS, CCSHARED na LDSHARED kutoka sysconfig. Faida yake ni Windows. Skripti ya mzee haitavuka huko: Windows kompaila ni nyingine na mwisho wa faili ni .pyd. Setuptools inayajua hayo yote. Mimi kitu cha kumpa mtu mwingine sikiachii skripti ya kujiandikia.

Jambo la pili halijatajwa, na litakusumbua. CFLAGS zinazotoka sysconfig zina `-DNDEBUG` ndani yake. Maana yake kila assert() uliyoiandika kwenye mawimbi.c imezimwa, kimya. Kama aliyekutangulia aliweka assert ya kukagua kwamba mwaka uko ndani ya jedwali, haipo tena. Ongeza `-UNDEBUG` baada ya CFLAGS. Kwenye setuptools ni `undef_macros=["NDEBUG"]`.

---

fundi_makupa

Nakubali la NDEBUG, na ni zuri. La Windows pia nakubali, ila nahodha hana Windows.

Sababu yangu ya skripti ni hii: Pi ya ufukweni haina intaneti ila bando la simu la mtu. Pip mpya (kisakinishi cha vifurushi vya Python) ukiiita juu ya folda yenye setup.py hutengeneza mazingira ya pembeni na kwenda kushusha setuptools upya, hata kama ipo. jenga.py haihitaji chochote nje ya Python yenyewe na gcc.

---

binti_ganjoni

Hiyo ni pip, mzee, si setuptools. `apt install python3-setuptools` mara moja akiwa na mtandao, kisha `python3 setup.py build_ext --inplace` haiendi popote. Na akitaka pip lazima, kuna `--no-build-isolation`.

---

fundi_makupa

Haya, hapo umenibana. Mwenye kazi achague.

---

mwana_tudor

Ami, dada, nimejaribu zote mbili kwenye Pi na zote zimejenga. Nitabaki na jenga.py kwa sasa kwa sababu naielewa kila mstari, setup.py nitaiweka pembeni. Assert zilikuwepo kweli, dada, tatu, na mojawapo ni ya mwaka.

Maswali mawili ya mwisho. Aliyenitangulia alikuwa akikompaili kwa `-O3 -march=native -ffast-math`. Nizitie kwenye jenga.py? Na siku nikipandisha Pi kwenda Debian 13 itakuwaje?

---

binti_ganjoni

-march=native haina neno ikiwa unajenga kwenye mashine ile ile itakayotumia. Ukijenga huku ukatumia kule, hata prosesa zikiwa za ukoo mmoja, unaweza kupata `Illegal instruction` na programu ikafa bila maelezo.

-ffast-math iache. Zaidi ya kucheza na mpangilio wa hesabu zako, ina tabia mbaya kwenye moduli. GCC za kabla ya toleo la 13, ukiitia kwenye amri ya kulinki pamoja na -shared, huongeza kipande cha msimbo kinachofanya kazi moduli inapopakiwa na kubadilisha mpangilio wa prosesa: namba ndogo sana zinageuzwa sifuri. Haibadiliki kwako tu. Inabadilika kwa mnyororo mzima wa kazi (thread) ulioipakia moduli, pamoja na NumPy na kila kilichomo humo, kwa sababu tu mtu ameita import maji. Ubuntu 24.04 yako ina GCC 13, hutaiona. Debian 12 ina GCC 12. Yaani ungeijaribu kwenye laptopu ikawa salama, ukaipeleka ufukweni ikawa nyingine.

Na kwa kujumlisha kosini chache kila dakika, O2 iliyomo kwenye CFLAGS yatosha. Hapo kahawa_chungu hakukosea, kasi siyo tatizo lako.

---

kahawa_chungu

Nimesikia jina langu. Ahsanteni.

---

fundi_makupa

La Debian 13: huko Python ni 3.13. Faili lako la cpython-311 halitaonekana, utapata ile ile ModuleNotFoundError, nawe safari hii hutashangaa. Endesha jenga.py tena.

Kama unataka faili moja livuke matoleo ya Python, ipo njia, inaitwa API finyu. Unakompaili na `-DPy_LIMITED_API=0x030B0000`, ambayo ni kusema "kuanzia 3.11", na faili unaliita `maji.abi3.so` badala ya kutumia EXT_SUFFIX. Sharti ni kwamba maji.c isiguse kitu kilicho nje ya API hiyo. PyArg_ParseTuple, PyFloat_FromDouble na PyModule_Create zimo. PyList_SET_ITEM kwa herufi kubwa haimo, tumia PyList_SetItem. Kompaila yenyewe itakuambia ukikosea, kwa kusema hailijui jina. Lakini prosesa haivuki, aarch64 ibaki aarch64.

Kwa mafaili mawili yanayojengwa kwa sekunde chache kwenye mashine yenye gcc yake, mimi nisingejisumbua. Ungekuwa unawagawia watu hamsini, hapo ningekuambia vingine.

---

mwana_tudor

Basi najenga upya kila toleo. Nimefuta .a, nimeweka static kwenye kasi, -UNDEBUG imeingia, na ile nm nimeitia mwishoni mwa jenga.py ili ikikuta U isiyo na mkia isimame. Baadhi ya mistari iliyobaki kwenye Pi ni hii:

                     U __assert_fail@GLIBC_2.17
                     U cos@GLIBC_2.17
                     w __cxa_finalize@GLIBC_2.17
                     w __gmon_start__
                     w _ITM_deregisterTMCloneTable
                     w _ITM_registerTMCloneTable

Hiyo 2.17 ni sawa? Kwenye laptopu imeandikwa 2.2.5.

---

fundi_makupa

Sawa kabisa. Ni toleo la glibc ambalo jina hilo lilianza nalo kwenye prosesa hiyo. x86_64 ilianza na 2.2.5, aarch64 iliingia kwenye 2.17. Lenye namba ndogo halina tatizo. La kuangalia ni namba kubwa kuliko glibc ya mashine itakayopokea, na wewe unajenga pale pale.